Hewa ya Chumba cha Chiriku

Mtu anayeosha filta ya hewa ni mmoja wa wawili: mjinga au mwizi. Mkwe wangu si mjinga. Kwa hiyo nilipopita kwenye bohari yake kuchukua mto wa mtoto, nikaona filta zimeegeshwa ukutani zinachuruzika maji juani, sikuhitaji kupiga ramli.

"Hizi vipi, baba?" nikamwuliza.

"Ah, hizo? Kuukuu tu, Mama. Kuna mtu anazitaka fremu zake."

"Na fremu nayo inaogeshwa kwa sabuni?"

Akacheka. Yule kijana ana kicheko cha mtu anayekuuzia gari bovu. Akanipa mto, akasema nitangulie hospitali, yeye angefika baadaye. Nikaondoka, lakini moyo wangu niliuacha pale pale ukutani.

Watu wengi hudhani filta ni kama pazia, likichafuka unafua. Wapi! Hizi ninazozisema mimi zina karatasi ya nyuzi laini za kioo, imekunjwakunjwa ndani ya fremu, na kazi yake ni kunasa vumbi usiloliona pamoja na vijidudu vinavyosafiri juu ya vumbi hilo. Ikilowa, imekwisha. Utaiona nyeupe, utadhani imetoka kiwandani leo, kumbe imechanika mahali ambapo jicho halifiki. Mimi nimezifunga tangu ujana wangu. Kwenye karakana ya kupaka magari rangi, chembe moja ikitua kwenye mlango kabla haujakauka, mlango unarudiwa wote na mpakaji rangi anakutukana matusi ya nguoni. Kwenye kiwanda cha maziwa ya unga, chumba cha kujazia dawa kwenye chupa, na pale wanapounganisha simu wakiwa wamejifunika mpaka nyusi, kote nimepanda ngazi. Huko kazini wananiita Mama Vumbi. Sikasiriki, kuna wanaoitwa mabaya zaidi.

Mkwe wangu naye ni fundi wa hewa, ila alikotokea ni kwingine. Alikulia kikazi kwenye maabara ya magonjwa ya kuku. Siku alipoleta posa nilimwuliza kama amesomea mafua ya jogoo, na nadhani hajanisamehe mpaka leo. Baadaye akafungua kampuni yake, akaanza kupata tenda, na ile ya hospitali akaipata bila kunidokezea. Hapo ndipo tulipoanza kutazamana kwa pembe ya jicho.

Yote hayo ningeyameza. Lakini kulikuwa na Chiriku.

Chiriku ni mjukuu wangu, tumempa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Anaumwa ugonjwa wa damu. Daktari alitukalisha chini akatueleza bila kuzunguka: mtoto atapewa dawa kali, dawa hiyo itaua ugonjwa, lakini itaua pia askari wote wa mwili, na kwa wiki kadhaa atakuwa hana ulinzi hata chembe. Ukungu wa ukutani, ambao mimi na wewe tunauvuta kila siku bila kupiga chafya, unaweza kumzika. Hospitali ina chumba kimoja cha watoto wa namna hiyo, hewa yake inashuka kupitia filta iliyo darini. Na nani aliyepewa kazi ya kukikarabati chumba hicho na kuweka filta mpya? Baba yake mwenyewe. Dawa ilikuwa ianze kesho yake asubuhi.

Wahenga walisema mchawi mpe mwana kulea, wakiamini kwamba ataona haya. Utaniuliza, baba gani amwibie mwanawe pumzi? Nami nilijiuliza hivyo njia nzima. Lakini nimefanya kazi na watu wa kila aina. Mkono uliozoea kudokoa hauulizi chungu ni cha nani.

Nilimkuta binti yangu ndani ya chumba, amevaa joho la hospitali na barakoa, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Nami nikavishwa mavazi yale yale. Chiriku akanirukia kwa maneno kabla sijafunga mlango.

"Mke mwenzangu! Umechelewa. Mume wetu babu angekuwa hai ningekusemea."

"Ungenisemea nini, nawe huwezi hata kupika chai?"

"Yeye chai hapendi, aliniambia."

"Muongo we, babu yako amekufa hujazaliwa."

Akacheka mpaka akakohoa kidogo, na binti yangu akageuka ghafla kumtazama. Siku hizo kila kikohozi kilitusimamisha wima.

"Mama," binti yangu akasema, "chumba hiki kinanuka."

"Kinanuka nini?"

"Asubuhi nilisikia ile dawa wanayodekia koridoni. Sasa hivi nasikia vitunguu, huko jikoni wanakaanga. Chumba si kinatakiwa kiwe na hewa safi?"

Nilicheka. Naisema kama ilivyokuwa. "Mwanangu, filta hainasi harufu. Inanasa vumbi. Harufu inapita. Ungekubali kuja kazini na mimi badala ya kukimbilia kuolewa, ungelijua hilo."

"Hata baba yake kaniambia hivyo hivyo."

"Basi leo kasema kweli moja. Tuishike hiyo hiyo."

Akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Mimi macho yangu yalikuwa darini. Nilitoka koridoni kuangalia geji inayoonyesha jinsi filta inavyobanwa na hewa, nikaikuta imesimama mahali pazuri, si juu si chini. Pazuri mno. Geji nayo mtu anaweza kuichezea, mimi nimeshawakamata mafundi waliozichezea.

Mkwe wangu alikuja, nikamdaka pale pale koridoni.

"Baba, boksi la ile filta mpya liko wapi?"

"Limechomwa, Mama."

"Limechomwa na nani?"

"Na tanuri la hospitali. Takataka zote zinachomwa hapa."

"Haya. Namba yake?"

"Iko kwenye fremu, juu huko."

"Nipe ngazi."

"Mama, na magoti yako hayo..."

"Magoti yangu yanakuhusu nini? Nimekuomba ngazi, sijakuomba uyakande."

Akashusha sauti, akasema si vizuri kufungua dari mtoto akiwa ndani. Alikuwa anapepesa macho na kufuta mikono kwenye suruali, mikono yenyewe mikavu. Nikajiambia, dalili ya mvua mawingu. Wakati huo huo akatokea mama yake na chupa ya uji. Mkwe mwenzangu yule ni mwanamke mzuri, ila ukimgusa mwanawe anakuwa kuku mwenye vifaranga.

"Kuna nini, mkwe?" akaniuliza.

"Hakuna kitu. Namwuliza maswali."

"Mbona unamwuliza kwa mdomo wa polisi?"

"Kwa sababu mwanao anaosha filta, mkwe. Nimeziona kwa macho yangu haya. Anaosha za zamani, na mimi nataka kujua zikishakauka zinakwenda wapi."

Muuguzi aliyekuwa akisukuma kitoroli akapunguza mwendo. Binti yangu alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo cha mlango, na nikaona kwamba amesikia kila neno. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu.

"Ni kweli?" akamwuliza mumewe.

"Fremu!" mkwe wangu akapiga kelele. "Naosha fremu! Zilitoka kiwanda cha mikate, zimeganda unga, karatasi haibanduki mpaka uiloweke. Kuna jamaa anafuga nyuki, anazitaka za kutengenezea mizinga."

"Ala! Nyuki wa unga wa ngano," nikasema.

"Mama, mimi nitamfanyia hivyo mtoto wangu?"

"Sijui. Ndiyo maana nimeomba ngazi."

Binti yangu hakusema yuko upande gani. Alituangalia kwa zamu, mimi, mumewe, kisha mimi tena, na uso wake ukazidi kujifunga. Roho iliniuma, lakini sikurudi nyuma. Ningerudi vipi? Kesho asubuhi mtoto angevuliwa ngao yake yote, na kitu pekee kati yake na kaburi kingekuwa karatasi iliyofungwa na mtu nisiyemwamini.

Nikamwita fundi mkuu wa hospitali. Ni mtu mpole, tumefahamiana kwenye kazi nyingine, na nilipomwambia ninachoshuku hakunibishia. Alisema kipimo kilikuwa kifanyike hata hivyo kabla ya dawa kuanza, basi kifanyike sasa hivi, na mtoto ahamishiwe chumba cha jirani. Akaleta mashine ya kuhesabu vumbi na kopo la moshi. Moshi unapulizwa kwenye bomba juu ya filta, halafu fundi anapitisha mdomo wa mashine chini yake, polepole, kona kwa kona. Filta ikiwa na tundu dogo kuliko ncha ya sindano, mashine inapiga kelele.

"Nashika mimi," nikasema.

"Shika, Mama Vumbi."

Nikavua viatu, nikapanda. Magoti yalilia lakini nikayaambia ngojeni, leo zinajulikana mbivu na mbichi. Nikaondoa kifuniko. Fremu ilikuwa mpya, namba iko, muhuri wa kiwanda uko. Mihuri hubandikwa, nikajiambia. Nikapitisha mashine juu ya mikunjo yote, nikapitisha pembezoni kwenye mpira, nikapitisha kwenye kona ambazo mafundi wavivu huziruka. Mashine ikanyamaza kimya. Nikarudia. Kimya. Kioo chake kilionyesha sifuri, na sifuri ile ilikuwa safi kuliko nyingi nilizowahi kuziona.

Filta ilikuwa mpya, halali, na imefungwa vizuri kuliko ambavyo mimi mwenyewe ningeifunga.

Mkwe mwenzangu alipiga kigelegele koridoni, hospitali nzima ikasikia. "Haya! Shuka sasa, Mama Vumbi! Shuka umwombe mwanangu radhi!"

Nikashuka. Sijui kama umewahi kushuka ngazi huku watu wanakungoja chini wakuone uso. Nilikuwa nimemwita baba wa mjukuu wangu mwizi mbele ya mama yake, mbele ya mkewe, mbele ya wauguzi. Tulitoka wote koridoni, fundi mkuu akafunga mlango wa chumba, nami nikasimama mbele ya yule kijana.

"Nisamehe, baba."

"Yameisha, Mama," akasema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Afadhali angenitukana.

Fundi mkuu alikuwa ameliweka kopo la moshi sakafuni, bado linatoa moshi mwembamba uliobaki. Wengine walikuwa wanazungumza, mioyo imewatulia. Mkwe mwenzangu alikuwa anammiminia mwanawe uji, kama vile yeye ndiye mgonjwa. Mimi niliinama kuvaa viatu, na zaidi ya kuvaa viatu nilikuwa naficha uso. Ndipo nikauona ule moshi.

Ulikuwa unatambaa sakafuni kuelekea mlango wa chumba cha Chiriku. Ukafika kwenye upenyo wa chini, ukajinyoosha, ukaingia. Haukusita hata kidogo. Ulivutwa.

Nilibaki nimeinama, kiatu kimoja mkononi. Chumba kinachomlinda aliye ndani lazima kisukume hewa nje, kwenye kila ufa, ili cha nje kisipate njia ya kuingia. Kila nilipofanya kazi mimi ndivyo tulivyofanya, kwa vidonge, kwa maziwa, kwa rangi ya magari. Hiki kilikuwa kinavuta. Hewa iliyoshuka kutoka kwenye filta ilikuwa safi kabisa, lakini haikutosha, feni ya ukutani inayovuta hewa ya chumba na kuitupa nje ilikuwa inatoa zaidi ya ile inayoletwa, na upungufu wote ulikuwa unafidiwa kutoka koridoni: vikohozi vya watu, vumbi la viatu, ufagio, vitunguu. Na mimi nilikuwa juu ya ngazi natazama dari.

Nikainua macho. Mkwe wangu alikuwa ananiangalia mimi, halafu akaangalia ninakoangalia.

"Feni ya ukutani umeiweka wapi?" nikamwuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Juu kabisa."

"Kwa nini?"

"Ndivyo inavyowekwa, Mama. Chumba cha ugonjwa lazima kivute, ili uchafu usitoke."

"Usitoke ukaenda kwa nani?"

Akafungua mdomo kunijibu, na nikaona jibu likimfikia kabla halijatoka. Kule kwa kuku wao hewa yote ilivutwa ndani, ili ugonjwa usitoke ukawaua watu. Miaka yote aliyofanya kazi alijua chumba cha namna hiyo tu. Alikuwa amekijenga chumba cha mwanawe kwa uangalifu wote wa baba, amenunua filta bora, ameifunga kwa mkono wake bila kumwachia mtu, na alikuwa amemjengea mtoto wake kizimba cha kuku wagonjwa. Akajishika ukuta, akaketi chini taratibu, kikombe cha uji bado mkononi.

Nikiri hapa: kwa muda mfupi nilifurahi. Nilikuwa sahihi kuwa na wasiwasi, na yule aliyenipigia kigelegele yuko palepale, na kulikuwa na maneno mdomoni mwangu yaliyokuwa tayari yamepangwa mstari. Halafu nikasikia sauti ya Chiriku kutoka chumba cha jirani, anamhadithia muuguzi habari za mke mwenzake asiyejua kukaa chini akatulia. Furaha ile ikaniisha. Katika chumba kile angelala kesho, bila askari hata mmoja, na mimi ningekuwa nimekwenda nyumbani nimeridhika na sifuri yangu.

"Moshi unaingia?"

Alikuwa binti yangu. Sikujua kama alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ameshika ndala za mtoto.

"Unaingia," nikamjibu.

"Kwa hiyo vile vitunguu vilikuwa vinaingia."

Akaziweka ndala sakafuni, akanigeukia.

"Nilikwambia, Mama. Ukanicheka. Nikamwambia huyu, akaniambia filta hainasi harufu. Tangu nimeolewa nyinyi wawili hamjawahi kukubaliana juu ya kitu. Mmekubaliana kimoja tu, na hicho mmenifungia nacho mdomo."

"Mwanangu, mume wako hakukusudia..." mkwe mwenzangu akaanza.

"Mama, naomba." Alisema kwa adabu, na mkwe mwenzangu akafunga chupa ya uji.

Nilitaka kumshika mkono. Akausogeza, si kwa hasira, kama mtu anayepisha njia. Hapo niliumia kuliko nilivyoumia kwenye ngazi.

Fundi mkuu hakupoteza muda. Alipunguza feni, akafungua zaidi bomba la hewa inayoingia, mkwe wangu akainuka akamshikia bisibisi. Nikaweka kopo la moshi tena mlangoni. Safari hii moshi ulirudi nyuma, ukatupiga miguuni. Chumba kikasuguliwa upya chote, kikaachwa kitupu, mlango umefungwa, mpaka hewa safi iisukume nje ile chafu.

"Nionyeshe mimi," binti yangu akasema.

"Nikuonyeshe nini, mwanangu?"

"Namna ya kujua. Bila mashine. Bila nyinyi."

Nikachana kipande cha karatasi laini ya kufutia mikono, nikapiga goti naye mlangoni. "Ukae nje, mlango ufungwe. Shika hapa chini kwenye upenyo, usiikaze. Ikipepea kuja kwako, salama. Ikinyonywa kwenda ndani, usimwite mtu, usimsikilize mtu, mtoe mtoto kwanza."

Akaishika. Ikapepea kuja kwake. Akaiondoa, akafungua mlango, akafunga, akaishika tena. Akafanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba fundi mkuu alianza kukusanya vyombo vyake. Kisha akatuonyesha benchi lililokuwa ng'ambo ya koridoni, bila kututazama.

"Kaeni pale."

Tukakaa. Mkwe wangu upande huu, mimi upande ule, mama yake katikati yetu na chupa yake mapajani. Mkwe wangu alikuwa anatazama viganja vyake. Nilitaka kumwambia kwamba filta aliifunga vizuri, lakini niliona neno hilo litaonekana kejeli.

Jioni ilipokaribia daktari akaja kwa haraka, fundi mkuu ameshamweleza kilichotokea. Akasimama katikati ya koridoni, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Hewa ya chumba hiki inasimamiwa na nani? Kabla sijaanza dawa kesho nataka mtu mmoja anihakikishie."

Nikasimama. Mkwe wangu naye akasimama. Ni mazoea ya kazi, mwili ulinyanyuka wenyewe.

Binti yangu alikuwa amechuchumaa mlangoni na kile kipande cha karatasi. Hakugeuka kututazama.

"Ni mimi," akasema.

Daktari akatuangalia sisi tuliosimama, akamwangalia yeye aliyechuchumaa. Kisha akaenda kuchuchumaa karibu naye, nasi tukakaa chini.